Damu Ndani ya Sikio: Usikivu Unapokatika Ghafla

ZUHURA: Mtu kalala mzima, kaamka sikio moja halisikii, chumba kinazunguka, anatapika. Kaka Baraka, huyu huanzia wapi?

BARAKA: Duka la dawa, dada. Anapewa matone ya kulainisha nta, siku zinakwenda. Kwanza afunge mdomo avume, "mmmm". Mvumo ukisikika zaidi kwenye sikio bovu, huenda ni nta au majimaji. Ukihamia sikio lisilo na shida, tatizo liko kwenye koklea, kiungo cha kusikia ndani ya sikio, au neva: hospitali siku hiyohiyo. Kule watahakikisha kwa uma wa sauti wa hezi 512.

ZUHURA: Na daktari akichungulia, kiwambo cha sikio ni safi, hakuna damu.

BARAKA: Ndipo wengi wanapopotea. Damu yaweza kuwa imevujia ndani zaidi, kwenye majimaji ya koklea na ya mifereji ya mizani ya mwili, na seli za kule haziivumilii. Muulize: anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda? Ana leukemia, saratani ya damu? Kagonga kichwa? Ana selimundu? Hilo la mwisho, ukanda wa Ziwa Viktoria usilisahau kamwe.

ZUHURA: Vipimo?

BARAKA: Odiogramu, chati ya kipimo cha usikivu. Tunaita upotevu wa ghafla usikivu ukishuka desibeli 30 au zaidi kwenye masafa matatu ya sauti yanayofuatana, ndani ya saa 72. Damu: picha kamili ya seli zake, INR (kipimo cha muda wa damu kuganda), selimundu. Kisha MRI, picha ya sumaku. CT, picha ya eksirei ya tabaka, itakuonesha mfupa uliovunjika, damu hii haitaionesha.

ZUHURA: Fomu ya MRI nayo! Ukiandika "kizunguzungu" tu, unaletewa picha za ubongo.

BARAKA: Andika "sikio la ndani, T1 kabla ya dawa ya kung'arisha, pamoja na FLAIR". T1 na FLAIR ni aina za picha za MRI; kwenye T1 damu huwa nyeupe yenyewe. Wakipiga baada ya dawa pekee, hujui weupe ule ni damu au ni uvimbe ulionyonya dawa. Na siku ya kwanza T1 yaweza kuwa bado haijabadilika.

ZUHURA: Tiba sasa. Prednisoloni, dawa ya steroidi, kila mtu anaikimbilia.

BARAKA: Kwa usikivu uliopotea ghafla ni miligramu 1 kwa kilo, isizidi 60 kwa siku, na ianze ndani ya wiki mbili. Damu ikishathibitika, ushahidi ni haba. Mwenye selimundu inaweza kumwamshia maumivu makali, kwa hiyo mtaalamu anaweza kuchagua kuchoma deksamethasoni, steroidi nyingine, kupitia kiwambo.

ZUHURA: Na warfarini, aache?

BARAKA: Asiache mwenyewe! Mwenye vali bandia ya moyo damu inaweza kumgandia hapo. INR ipimwe leo, daktari wa moyo apigiwe simu.

ZUHURA: Dawa za kizunguzungu?

BARAKA: Siku tatu hivi, basi. Zikizidi, ubongo unachelewa kujifunza kusawazisha mwili. Baada ya hapo ni mazoezi ya mizani. Usikivu wenyewe mara nyingi haurudi, na koklea inaweza kujaa mfupa, kwa hiyo anayefikiria kupandikiziwa koklea bandia asikawie.

ZUHURA: Ila akiona vitu viwiliviwili, ulimi ukawa mzito, au akashindwa kabisa kusimama?

BARAKA: Hapo mchukulie ana kiharusi. Mkimbize dharura, odiogramu itasubiri.