Taka za sumu chini ya ardhi: nani anayalinda matundu tuliyotoboa?

Asanteni jamani, mliosimama huko nyuma sogeeni huku mbele viti bado vipo. Nitaenda taratibu maana hii mada wengi hawajawahi kuisikia, na hapo hapo ndo wasiwasi wangu ulipo, taka ikiwa juu ya ardhi watu wanaiona, inanuka, wanapiga kelele, lakini ikishasukumwa kilomita mbili chini nani anaiulizia tena?

Tuanze na kitu chenyewe. Kiwanda cha kemikali kinazalisha dawa za wadudu au malighafi za plastiki, alafu kinabaki na maji machafu kibao yenye asidi, metali nzito na vitu vingine ambavyo hutaki vikukaribie. Kuyasafisha ni gharama kubwa. Kwa hiyo wanatoboa kisima kirefu, kinapita matabaka yenye maji ya kunywa, kinashuka mpaka kwenye mwamba wa mchanga wenye vitundu vidogo vidogo vilivyojaa maji ya chumvi ya tangu zamani, na juu ya huo mwamba lazima kuwe na tabaka nene lisilopitisha maji. Ndo wanayapampu humo kwa presha. Marekani wamefanya hivi miaka mingi, hasa ukanda wa Texas na Louisiana kwenye Ghuba ya Mexico, kwasababu miamba ya kule inafaa na viwanda vimejaa.

Sasa sikieni kisa cha Colorado. Jeshi la Marekani lilikuwa na kiwanda karibu na mji wa Denver, Rocky Mountain Arsenal, kilichotengeneza silaha za kemikali na baadaye dawa za wadudu pia. Mwaka 1961 wakachimba kisima cha futi 12,045, yaani kama mita 3,670, na Machi 1962 wakaanza kushusha taka. Mwezi uliofuata ardhi ikaanza kutikisika, sehemu ambayo watu hawakuzoea matetemeko. Miaka ikaenda. Mwishoni mwa 1965 mwanajiolojia mmoja, David Evans, akasimama hadharani akasema hebu linganisheni kiasi cha taka kinachoingia kila mwezi na idadi ya matetemeko, vinapanda pamoja na vinashuka pamoja. Februari 1966 wakasimamisha pampu, wakati huo zimeshaingia lita zaidi ya milioni 600. Na matetemeko makubwa kuliko yote yakaja mwaka 1967, pampu imezimwa zaidi ya mwaka mzima! Presha ilikuwa bado inatembea taratibu kwenye nyufa za mwamba. Nawaomba mlishike hilo, ukikosea huku chini huwezi kuzima swichi mambo yakaisha.

Sheria ilikuja baadae. Mwaka 1974 wakapitisha Sheria ya Maji Salama ya Kunywa, na chini yake shirika lao la mazingira, EPA, likapewa kazi ya kusimamia visima vyote vya kuingiza vitu ardhini, wakavigawa kwa madaraja. Taka za sumu za viwandani zipo daraja la kwanza, lazima ziingie chini ya tabaka la mwisho kabisa la maji yanayoweza kunywewa. Na hapa kuna kitu nakipenda sana kwenye ile sheria: maji wanayoyalinda sio yale tu yanayonyweka leo, ni maji yoyote yenye chumvi na madini yaliyoyeyuka chini ya miligramu 10,000 kwa lita. Hayo ukiyaonja leo utayatema, lakini mtu wa baadae akiishiwa anaweza kuyasafisha akanywa. Waliofikiria hivyo walikuwa wanawafikiria watu ambao hawajazaliwa, na nawaheshimu kwa hilo.

Kumwaga taka za sumu kwenye visima vifupi, ndani au juu ya maji ya kunywa, kulipigwa marufuku mwaka 1984, isipokuwa kwa kazi maalum za kusafisha maji yaliyokwisha kuchafuka. Mwaka huo huo Bunge lao likasema pia taka za sumu zisitupwe ardhini kabisa mpaka mwenye kisima athibitishe kuwa hazitahama pale alipoziweka, na EPA ikaja kuweka kipimo chake: uonyeshe kwamba kwa miaka 10,000 hazitatoka kwenye lile tabaka, au kwamba kabla hazijatoka zitakuwa zimeshageuka hazina sumu tena. Miaka elfu kumi!

Mtu atauliza unathibitishaje miaka 10,000. Kwa hesabu za kompyuta, unaingiza unene wa mwamba, vitundu vyake, presha, kasi ya maji, alafu unapiga hesabu mbele. Mimi sizidharau hizo hesabu, wanaozifanya ni watu makini, na mwamba uliokaa na maji yake ya chumvi mamilioni ya miaka una ushahidi mzuri kuliko mdomo wa mtu yeyote. Ila hesabu zinauangalia mwamba, wakati mimi ninachokiogopa zaidi ni tundu lenyewe.

Kile kisima chenyewe ni njia mpya tuliyoifungua kupita kwenye ule mfuniko wa asili, ndo maana masharti ya ujenzi wake ni makali na yanatakiwa yawe makali. Kuna bomba la nje la chuma limeshikwa na saruji ukutani mpaka juu kabisa, ndani yake kuna bomba jingine jembamba ndo linapitisha taka, na chini kuna kizibo kinachofunga nafasi iliyobaki kati yao. Ile nafasi haiachwi tupu, inajazwa kimiminika kisicho na madhara na kanuni inataka kiwekwe kwenye presha KUBWA kuliko ya taka. Kwanini? Kwasababu bomba la ndani likitoboka, kile kimiminika ndo kitaingia kwenye taka badala ya taka kutoka nje, na geji itashuka, alamu italia, mtu atajua siku hiyo hiyo. Hii ni akili kubwa sana. Yaani wamekubali tangu mwanzo kwamba bomba litaharibika siku moja, wakapanga liharibike kwa usalama.

Alafu kuna matundu ya watu wengine. Kwenye maeneo ya mafuta kuna visima vya zamani vilivyochimbwa na kuachwa, vingine havijazibwa vizuri, vingine hata ramani hazivijui. Ukiongeza presha kule chini, taka au maji ya chumvi yatatafuta hivyo visima yapande navyo. Kwa hiyo anayeomba kibali cha taka za sumu anatakiwa atafute kila kisima ndani ya maili 2 kuzunguka chake, kama kilometa 3 na kidogo, na vile vibovu vinavyofika kule chini vizibwe kwanza. Kwenye makaratasi inaonekana kazi ndogo, lakini mtu aliyewahi kutafuta kisima ambacho mwenye kampuni alishakufa na bomba lilikatwa chini ya majani anajua ni kazi ya namna gani.

Kumbukumbu zinaponza watu kuliko mnavyofikiri. California, kwenye visima vya maji taka ya mafuta, ambavyo ni daraja jingine lenye masharti mepesi zaidi, ilikuja kugundulika kwamba kulikuwa na nakala mbili za makubaliano ya miaka ya 1980 kati ya jimbo na EPA na hazikufanana kuhusu matabaka gani ya maji yameondolewa kwenye ulinzi. Mwaka 2014 jimbo likaamuru visima 11 visimame. Hakuna mwamba uliopasuka hapo, ni faili tu, na maji yanayolindwa na sheria yakawa yanapokea taka.

Mama pale mbele ameniuliza kampuni ikifunga nani anabaki. Swali zuri. Kanuni inamtaka mwenye kisima aweke dhamana ya fedha kabla, akizibe kwa saruji, aendelee kupima mpaka presha ishuke kiasi kwamba haiwezi tena kuyafikia maji ya kunywa, na pia aandikishe kwenye hati ya kiwanja kwamba hapa chini kuna taka za sumu, aina gani, kiasi gani, kina gani, zimeingizwa kuanzia lini mpaka lini, ili kila atakayenunua aone. Mimi naona hati haitoshi, kwasababu hati anaisoma mnunuzi wa kile kiwanja tu, na taka zikishaenea huko chini hazijui mpaka wa kiwanja, jirani anaweza kuja kuchimba kisima chake cha maji au cha gesi bila kuambiwa chochote. Ningetaka kila kisima cha namna hii, kinachofanya kazi na kilichofungwa, kiwe kwenye ramani ya wazi ambayo mtu yeyote anaifungua kwenye simu, na kibali chochote cha kuchimba kisitoke mpaka afisa awe ameikagua ile ramani na kusaini. Haya, karibuni maswali mengine.