Mapambo ya Mafundo kwa Mti wa Krismasi

Hamjambo akina mama, wazee wangu, na ninyi vijana mliokaa kule nyuma karibu na dirisha. Sogeeni mbele tafadhali. Leo mikono itasema kuliko mdomo, na aliye mbali hataliona fundo likiingia.

Nianzie hapa hapa Kisumu. Ukishuka ufukweni Dunga asubuhi utawakuta wavuvi wameketi, wavu umelala magotini, wanaziba matundu. Nilipokuwa mtoto nilikaa sana kando ya baba mdogo akifanya kazi hiyo. Kila fundo alilivuta mara mbili. Nilipomuuliza sababu, aliniambia mvuto wa kwanza ni wa kukaza na wa pili ni wa kujaribu. Mpaka leo sijafunga pambo hata moja bila ule mvuto wa pili.

Kazi tuliyokuja kuifanya inaitwa makrame, yaani kutengeneza kitu kwa mafundo matupu, bila sindano, bila kulabu ya krosheti. Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu. Mabaharia nao walikuwa mafundi wake wakubwa: walifunga kamba wakiwa safarini, wakauza kazi zao bandarini. Kwa hiyo anayetoka katika nyumba ya wavuvi asiogope, vidole vyake viko nyumbani.

Mti wa Krismasi kwa wengi wetu ni tawi la saiprasi lililosimamishwa kwenye ndoo ya mchanga. Ncha za saiprasi ni laini. Ukitundika mpira wa kioo, ncha inainama na mpira unaanguka sakafuni. Pambo la uzi ni jepesi, linakaa pale ulipoliweka, na mtoto akiliangusha halivunjiki. Zile nyuzi za plastiki zinazong'aa sizipendi kabisa. Zinapukutika, na mwezi wa tatu bado unazifagia chini ya kochi.

Uzi tutakaotumia ni wa pamba. Usipopata kamba ya pamba madukani, nunua kichwa cha mopu ya pamba. Nyuzi zake ni nene, laini, na zinachanika vizuri kwa kitana. Kama huna hakika ni pamba, choma ncha kidogo. Pamba huungua ikawa jivu lenye harufu ya karatasi iliyoungua. Nailoni huyeyuka ikawa tone gumu. Nailoni inateleza, fundo lake hulegea, na hapa hatuitaki. Mkonge nao unafaa, ila uloweshe kwanza ulainike, la sivyo utakukwaruza vidole. Na mkienda sokoni Kibuye Jumapili, fulana za mitumba zilizochakaa msizidharau: kata ukanda wa upana wa vidole viwili, uvute kwa nguvu, utajikunja wenyewe ukawa kamba.

Sasa fundo. Nitawafundisha moja tu, nami naliita fundo bapa kwa sababu linalala. Tazameni. Nina uzi wa sentimita 25, nimeukunja katikati, kitanzi kiko juu. Nyuzi hizi mbili zinazoning'inia ndizo za kati, hazifanyi kazi, zinabeba tu. Nyuma yake naweka uzi wa sentimita 80, katikati yake ikigusa zile za kati, chini kidogo ya kitanzi. Pande zake mbili naziita mkono wa kushoto na mkono wa kulia. Wa kushoto naupitisha juu ya nyuzi za kati kuelekea kulia; mnaona umechora namba 4? Wa kulia unalala juu ya mkia wa ule wa kushoto, unapita nyuma ya nyuzi za kati, unatokea mbele kupitia lile tundu la kushoto. Vuta pande zote mbili kwa nguvu sawa. Hiyo ni nusu. Nusu ya pili ni ile ile kwa kuanzia kulia. Vuta. Hilo ndilo fundo bapa.

Ukirudia kushoto, kulia, kushoto, kulia, utapata mkanda ulionyooka. Lakini ukianzia kushoto kila mara, bila kubadilisha, mafundo yanaanza kuzunguka yenyewe kama ngazi ya mnara. Wengi hulipata umbo hili kwa kukosea, wakadhani wameharibu. Wameshatengeneza pambo! Endelea hadi sentimita 8, funga fundo la kawaida chini, kata mikia. Linaning'inia mtini likijigeuza polepole mlango ukifunguliwa, na mimi sijachoka kulitazama.

Mmeona kwamba pambo ni la sentimita 8 na kila mkono ni wa sentimita 40? Mafundo hula uzi. Kila mkono uwe mara tano ya urefu unaoutaka. Mwaka wa kwanza sikupima. Nilikata nyuzi za mapambo ishirini kwa macho, zote zikaisha katikati ya kazi, na makrame haiungwi vizuri. Nililia, nawaambia kweli. Pima, ndipo ushike mkasi.

Pambo la pili ni mti mdogo, na watoto wanaliweza. Chukua tena uzi wa sentimita 25 uliokunjwa. Kata vipande kumi na vinne vya sentimita 12. Kunja kipande kimoja, kiweke chini ya nyuzi za kati, tundu likitazama kushoto. Kunja cha pili, kiweke juu, tundu likitazama kulia. Mikia ya kila kimoja ipite ndani ya tundu la mwenzake, kisha vuta. Jozi inayofuata ianze upande wa pili, nawe uisukume juu igusane na iliyotangulia. Jozi saba zikikamilika, laza kazi mezani, chana kwa kitana kuanzia nchani kuja ndani, halafu kata umbo la pembetatu: juu pafupi, chini papana.

Mti huu usipokazwa kwa wanga utalegea kama sikio la mbuzi. Akina mama mnaopiga stachi vitambaa vya makochi mnajua: uji mwepesi wa unga wa muhogo, paka kwa nyuma, acha ukauke. Sukari msitie, mtaita sisimizi sebuleni. Anayetaka rangi achemshe uzi katika chai kavu ya rangi kwa nusu saa kabla ya kufunga. Manjano pia hutoa rangi nzuri sana, lakini jua huifuta, kwa hiyo mti usikae dirishani.

Kila meza ina nyuzi, rula na kitana. Mikasi ni mitatu tu, tupokezane. Anzeni na fundo bapa, mfunge kumi, kisha niiteni nije nivute mvuto wa pili.