Mwalimu aliyeanzia sauti ya nne

Mazungumzo yaliyotolewa Tabora katika siku ya kumkumbuka kiongozi wa bendi yetu ya matarumbeta

Shikamooni wazee wangu. Wachungaji, ndugu zetu mliotoka Urambo na Sikonge, wapigaji wenzangu, na ninyi wadogo zangu mliopakata vyombo: mwangaluka.

Nimepewa nafasi nimzungumzie Mwalimu. Nitamwita hivyo hivyo, kama tulivyomwita sote, wakubwa kwa watoto. Msibani wengi walisifu mkono wake, namna alivyouinua na watu wote wakavuta pumzi kwa pamoja. Ni haki yake kusifiwa. Lakini mimi nilikaa nyuma na tromboni miaka mingi, na leo nataka kueleza habari ya sikio lake, maana humo ndimo bendi hii ilimozaliwa.

Mtoto aliyekuja kuomba kujifunza hakupewa chombo siku hiyo. Alikalishwa kwanza akasikiliza historia. Mwalimu alimweleza kwamba Wamoravian, waumini wa kanisa la Kiprotestanti la Herrnhut, kule Ujerumani, walianza kwenda makaburini alfajiri ya Pasaka mwaka 1732, jua likichomoza wakiimba ufufuo, na kwamba baadaye matarumbeta na tromboni yakawa sehemu ya ibada hiyo. Akamwambia kuwa wamisionari wao waliipokea kazi ya Urambo mwaka 1898 kutoka kwa London Missionary Society, shirika la wamisionari la Uingereza. Alitaka mtoto ajue kwamba chombo atakachoshika kina watu nyuma yake, na wengi wao wamelala makaburini.

Na alfajiri hiyo ya Pasaka ndiyo iliyomtia wasiwasi kuliko siku zote. Mnajua shaba ilivyo. Hewa iliyo ndani ya bomba ikiwa baridi, sauti inashuka. Ikipata joto la pumzi, inapanda. Ukitoka na tarumbeta nyumbani saa kumi ya usiku, umande umetanda, ukafika makaburini ukaanza tu kupiga, kila mtu atakuwa na do yake. Kwa hiyo tulitembea njia nzima tukipuliza pumzi ya moto ndani ya vyombo bila kutoa sauti. Watu waliopishana nasi gizani walidhani tunaomba. Tukifika, Mwalimu anapita kwa kila mmoja, anasikiliza do moja, anavuta bomba la kurekebishia sauti nusu kidole, anasonga kwa mwingine. Hakuwa na kipimo cha umeme. Alikuwa na masikio mawili na subira.

Sasa nifike kwenye ufundishaji wake, maana hapa ndipo nina deni kwake.

Wengi wetu tumelelewa kwenye sol-fa, yaani muziki unaoandikwa kwa herufi za do, re, mi badala ya nota. Mfumo huo ulianzia kwa mama mmoja wa Norwich, Uingereza, Sarah Glover. John Curwen akauboresha na kuueneza tangu miaka ya 1840, na wamisionari wakauleta Afrika. Leo hata kwaya ya kijijini kabisa ina daftari la d, r, m. Desturi ya walimu wengi ni kuanza na sauti ya kwanza, kwa sababu ndiyo inayobeba wimbo. Mwalimu alianza na ya nne. Besi walipiga peke yao ubeti mzima, sisi wengine tumenyamaza, na baada ya hapo alimuuliza mtu wa sauti ya kwanza besi walikwenda wapi. Ukishindwa kujibu, besi wanarudia. Kijana mwenye tarumbeta mpya mkononi anaona anapotezewa muda. Mimi nasema ule haukuwa muda uliopotea hata dakika moja.

Nakumbuka binti mmoja, leo ni mwalimu wa shule, aliyekuwa kila akifika kwenye fe, yaani fa iliyopandishwa nusu toni, anapiga fa ya kawaida. Mwalimu aliandika ubaoni kipande kifupi, | s :fe | s :– |, hakumkemea wala hakumwimbia. Aliwaambia besi washike re, waishike tu. Binti akapiga fa yake juu ya ile re, na wote tukasikia wimbo umenyong'onyea pale ulipotakiwa kusogea. Akasimama. Akaachia valvu ya kwanza, ile inayoshusha toni nzima, akabonyeza ya pili inayoshusha nusu toni. Fe ikatoka, ikavutwa yenyewe kwenda so. Alicheka hadi akashindwa kuendelea kupiga. Mwalimu akafuta ubao, akaendelea na wimbo.

Kwa hiyo siku ya ibada mkono wake ulikuwa na kazi ndogo. Mara nyingine aliushusha kabisa katikati ya ubeti, na hakuna aliyepotea, kwa kuwa kila mmoja alikuwa amemshika mwenzake kwa sikio.

Kuna jambo la harusi pia, na naomba wazee mnivumilie. Kuna waliokereka kuona vijana wetu Jumamosi wako nyuma ya pikapu, wanamzungusha bwana harusi kutoka Isevya hadi stesheni. Mwalimu aliwatetea. Alikumbusha kwamba tarumbeta katika nchi hii lilitembea barabarani zamani: ngoma ya beni, yenye vikundi vilivyoshindana vya Marini na Arinoti, ilianzia pwani ya Kenya miaka ya 1890 ikaenea Tanganyika pamoja na askari na makarani. Na huu ni mji wa bendi za dansi za Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz. Muziki wa furaha hapa hauombi radhi. Sharti lake lilikuwa kwamba fedha ya harusi itoe kwanza mafuta ya valvu, ndipo watu wagawane. Waislamu na Wakatoliki waliopiga nasi waliingia wengi kwa mlango huo wa harusi, na hakuna aliyeulizwa anasali wapi.

Mwisho ni madaftari. Mama, mjane wake, ametukabidhi sanduku zima la sol-fa aliyoiandika kwa mkono, sauti zote nne, baadhi kwa kalamu ya risasi iliyoanza kufifia. Mchwa wamekwishakula pembe za machache. Kuyapiga picha kwa simu kutasaidia, lakini hakutoshi: nukta moja au kistari kimoja kikisomwa vibaya, pigo zima linahama. Yanahitaji kunakiliwa na mtu anayeyajua, kisha yapigwe na wanne kuhakiki, tukianza na besi. Wenye mwandiko unaosomeka mbaki hapa baada ya chai, tugawane.