Kubadilisha filta ya dizeli ya Prado 1KZ bila kuingiza upepo

Habari zenu, karibuni. Boneti iko wazi, injini imepoa, hendibreki imevutwa. Gari ni Prado J90, zile za mwaka 1996 hadi 2002, injini 1KZ-TE, lita tatu, yenye tabo. Mwenye Hilux au Hiace ya dizeli abaki nasi, mengi yanafanana. Wa D-4D, zile injini mpya zaidi za dizeli za Toyota, asikilize kwa makini nikifika kwenye kutoa upepo, maana pale njia zetu zinaachana.

Kwa nini tunahangaika na kopo hili dogo? Pampu ya 1KZ, ile inayosukuma dizeli kwenye nozeli za injini, hailainishwi na oili ya injini. Inalainishwa na dizeli ileile inayopita ndani yake. Maji yakiingia, chuma kinasuguana na chuma, kutu inaanza, na siku pampu ikipelekwa benchi kwa fundi wa pampu utalipa pesa ambayo ingekununulia filta za miaka mingi. Dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa nayo inaua vilevile, kwa sababu mafuta ya taa ni mepesi, hayalainishi. Kenya iliweka tozo kwenye mafuta ya taa mwaka 2018 kwa ajili ya uchakachuaji huo, na Tanzania mafuta hutiwa vinasaba, yaani alama ya kutambua yaliyochakachuliwa. Lakini yakishafika kwenye tangi lako, mlinzi aliyebaki ni huyu hapa.

Tunaanza kwa kumwaga maji. Chini ya filta kuna koki ndogo. Weka chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, siyo kopo la bati, tunataka kuona. Legeza koki mizunguko miwili hadi miwili na nusu, kisha bonyeza pampu ya mkono hapa juu. Moja, mbili, tatu... inatoka. Endelea mpaka itoke dizeli safi. Kaza koki kwa vidole tu, bila pleya.

Iache chupa itulie dakika kumi. Kamera sogea. Unaona mstari pale chini? Hayo ni maji, dizeli inaelea juu yake. Ukiona chembe nyekundu, tangi lina kutu. Ukiona ute mweusi unaoteleza, ni vijidudu vinavyoota pale maji na dizeli vinapokutana. Hapo filta peke yake haitoshi, tangi lishushwe lioshwe. Hili letu lina maji tu. Kazi hii ya koki ifanye kila mwezi, na taa ya filta ikiwaka kwenye dashibodi ifanye siku hiyohiyo.

Sasa filta yenyewe. Chomoa waya wa sensa ya maji, bonyeza kilimi kwanza, usivute waya. Zungushia mkanda wa kufungulia filta, legeza, malizia kwa mkono. Ishushe wima, imejaa dizeli.

Ngoja. Leta taa hapa juu. Mnaona duara jeusi limeganda kwenye kichwa cha filta? Hiyo ni gasketi ya filta ya zamani, imebaki. Ukifunga filta mpya juu yake, gasketi mbili zitapandana na hazitakaa kamwe. Ibandue kwa kucha, siyo kwa bisibisi, usije ukakwaruza uso wa alumini. Futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Pitisha kidole mzunguko mzima. Safi.

Hapa ndipo nataka utulie. Sensa ya maji iko kwenye kitako cha filta ya zamani, na tunaihamishia kwenye mpya. Ni ya plastiki. Ikibanwa na pleya kali, inapasuka. Shika filta vizuri, zungusha sensa taratibu, na ikigoma tumia spana pana inayoikumbatia. Ina oringi, pete ya mpira ya kuziba. Oringi ya zamani TUPA. Hata kama inaonekana nzima, imeshabonyea ikawa bapa. Weka mpya, ipake dizeli, hakikisha imelala ndani ya mfereji wake bila kujikunja. Angalia tena. Izungushe uione pande zote.

Kwa nini narudia hili? Filta iko kabla ya pampu, na pampu inavuta. Oringi ikikaa vibaya mara nyingi hutaona tone hata moja chini. Haivuji nje, inavuta upepo ndani. Jioni gari linatembea vizuri, usiku dizeli inarudi polepole kwenye tangi, asubuhi unapiga starta mpaka betri inachoka. Au linawaka, linazima. Au linakosa nguvu mlimani, likirudi tambarare linatulia. Na hapo mtu ataanza kulaumu pampu. Kabla hujakubali pampu ifunguliwe, weka kipande cha mpira unaoonyesha ndani kati ya filta na pampu, washa gari, utazame vipovu. Vikipita, rudi kwenye oringi hii, gasketi ile ya juu, koki, na klipu za mipira.

Tumeangalia? Tuangalie mara ya mwisho. Haya.

Filta mpya: paka dizeli gasketi ya juu, zungusha kwa mkono mpaka iguse, ongeza robo tatu ya mzunguko, kwa mkono. Rudisha waya wa sensa. Usiijaze filta dizeli kutoka kwenye dumu kupitia tundu la katikati: tundu lile ni upande uliokwisha kuchujwa, kila uchafu wa dumu unakwenda moja kwa moja kwenye pampu. Tutaijaza kwa pampu ya mkono.

Bonyeza. Mwanzo ni laini, hakuna kitu. Endelea tu, thelathini, arobaini. Inaanza kugoma... sasa ni ngumu. Imejaa. Ikibaki laini baada ya kubonyeza mara mia, kuna mahali inavuta upepo, usiendelee mbele.

Sasa wa D-4D. Kwenye 1KZ, gari likigoma kabisa, fundi huweza kulegeza nati za mabomba ya nozeli huku starta inazungushwa ili upepo utoke. Kwenye D-4D USIGUSE nati hizo. Mgandamizo ndani ya reli ya mafuta, bomba la pamoja linalogawia nozeli dizeli, unaweza kuzidi bar 1,000, dizeli inatoboa ngozi na kuingia mwilini. Wewe bonyeza pampu ya mkono mpaka iwe ngumu, basi.

Washa swichi, subiri taa ya heta izime, piga starta. Isizidi sekunde kumi na tano. Haijawaka? Pumzisha nusu dakika, bonyeza pampu ya mkono tena, rudia... Imewaka. Inatikisika kidogo, ni upepo wa mwisho. Iache sailensi, bila kukanyaga mafuta, dakika tano, kisha zungushia kitambaa kikavu kwenye filta na koki. Kikavu bado. Vizuri.

Mwongozo wa gari unaweza kukuruhusu kilomita nyingi zaidi kabla ya kubadilisha filta hii, lakini kwa dizeli zetu mimi nashikilia 10,000. Oili ya injini na filta yake kila 5,000, lita saba. Oili kuwa nyeusi siku ya pili ni kawaida ya dizeli. Kisicho kawaida ni kiwango kupanda kwenye kijiti: dizeli au maji yanaingia kwenye oili, usiliendeshe.

Na tangi lijaze jioni, lisilale karibu tupu, hewa iliyomo ndani hutoa maji usiku. Ukikuta lori linashusha mafuta kituoni, pita, nenda kituo kingine. Mashapo ya chini yamevurugwa.

Kesho asubuhi liwashe likiwa baridi kabisa. Likishika mara ya kwanza, oringi imekaa. Filta, oringi za sensa na mipira inayoonyesha ndani ninauza. Njoo na filta yako ya zamani tulinganishe nyuzi zake za kufungia kabla hujalipa.