Dada yangu anauliza kama kweli ninalala garini

Ndugu zangu wa Goma, nanyi mlioko Bukavu na Uvira, hamjambo. Leo sitawaonyesha milima wala barabara. Nitawaonyesha ndani ya gari ninamolala, kwa sababu wiki iliyopita dada yangu mkubwa, anayekaa mtaa wa Majengo huko Goma, alinipigia simu, na hata kabla hatujamaliza kusalimiana akaniuliza: "Eti ni kweli? Umeendesha malori Marekani miaka yote ile, umestaafu, na sasa unalala garini?" Sauti yake ilikuwa ya mtu anayekaribia kulia. Huyu ni dada ambaye mwezi Januari 2025, vita vilipoingia mjini, alilala sakafuni na wajukuu wake kwa kuogopa risasi, na leo ndiye anayenihurumia mimi. Nimeona heri nimjibu mbele yenu wote, maana najua habari hiyo imekwisha kufika mpaka mitaa ya Himbi na Katindo.

Nyumba-gari hii, ambayo Wamarekani huiita RV, ina urefu wa mita 9. Mbele kuna usukani, katikati kuna meza, kochi na jiko la gesi, nyuma kuna kitanda, na mlango huu mwembamba ni wa choo na bafu. Sikuinunua kwa utajiri, wala sikuingia humu kwa kufukuzwa. Nilifika Marekani nikiwa mtu mzima, nikachangia pensheni ya serikali zaidi ya ile miaka 10 inayotakiwa, lakini hesabu yao hupigwa kwa miaka 35 ya mapato, na ile ambayo hukufanya kazi huingizwa kama sifuri. Kwa hiyo pensheni yangu ni ndogo, na kodi ya nyumba ya vyumba viwili ingeimeza karibu yote. Usiku mmoja mimi na mama watoto tulikaa na kalamu na karatasi, tukajumlisha na kutoa, tukaona afadhali tuwe na paa letu wenyewe, hata kama linatembea.

Jambo ambalo dada yangu halijui ni kwamba mtu wa Goma anaweza kuishi humu bila kufundishwa. Tangi letu la maji safi linabeba lita 150, yaani mabidoni saba na nusu ya yale ya njano ya lita 20 mnayoyabeba kwenye chukudu, kile kibaiskeli cha mbao cha kusukuma. Hayo ndiyo maji ya kunywa, kupika, kuosha vyombo, kuoga na kumwaga chooni kwa watu wawili, na tukiyapima vizuri yanatufikisha siku 6. Ukiingia kuoga unajilowanisha kidogo, unafunga maji, unajipaka sabuni, kisha unafungua tena ili ujisuuze. Jirani yetu mmoja, mwalimu mstaafu, alituambia kwamba zoezi hilo lilimchukua mwaka mzima, na mama watoto akacheka mpaka akashika ukuta, kwa sababu yeye amekua akiteka maji ziwani Kituku na kuoga kwa kopo. Hata kusafisha tangi kwa klorini, jambo ambalo wenzetu hapa hulisoma kwenye vitabu vya maelekezo, kwetu halikuwa geni. Ni yaleyale wanayoyafanya wahudumu wanaotia dawa kwenye mabidoni pale ziwani wakati wa kipindupindu.

Lakini maji yakiingia lazima yatoke, na hapa ndipo nilipopata aibu yangu. Chini ya gari kuna matangi mengine mawili, moja la maji ya sinki na bafu, jingine la choo, na kila moja lina kilango chake cha kuvuta kwa mkono. Mwezi wa kwanza tulikuwa tumelipia nafasi kwenye kambi yenye bomba la maji machafu, nami kwa ujanja wangu wa dereva nikaona hakuna haja ya kujisumbua: nikaunganisha mpira wa kutolea uchafu, nikaacha kilango cha tangi la choo wazi usiku na mchana. Kumbe majimaji yalikuwa yakitiririka yote na kuuacha mzigo mzito nyuma, ukajijenga pale chini ya choo kama kichuguu na kukauka. Siku ya kuondoka hakikutoka kitu. Nilishinda siku mbili nikimimina maji ya moto ndoo kwa ndoo na kuliendesha gari polepole ili yatikisike humo ndani, huku mama watoto akikaa mbele dirisha likiwa wazi, bila kunisemesha. Tangu siku hiyo kilango hubaki kimefungwa mpaka tangi likaribie kujaa. Ndipo ninafungua la choo kwanza, halafu maji ya sabuni ya tangi la pili yanafuata na kuusafisha mpira. Choo cha shimo cha mama yetu hakikuwahi kunitesa namna hiyo.

Umeme nitaupitia haraka. Juu ya paa kuna paneli za sola za wati 400, na chini ya kitanda kuna betri. Zinatosha taa, simu, kompyuta na feni. Friji inatumia gesi. Kiyoyozi hazikiwezi.

Kwa sababu hiyo tunaishi kwa kulifuata jua na kulikimbia. Mahali mnapopaona dirishani ni Quartzsite, mji mdogo wa jangwani katika jimbo la Arizona, ambako serikali imetenga ardhi ya umma kwa watu wa magari kama haya kuanzia tarehe 15 Septemba hadi tarehe 15 Aprili. Msimu wetu wa kwanza tulilipa dola 180 kwa miezi yote 7, pamoja na ruhusa ya kuchota maji na kumwaga uchafu kituoni. Mnaolipa garanti ya nyumba, yaani ile dhamana ya mpangaji, kwa dola huko Goma, pigeni hesabu wenyewe. Ila kiangazi joto hapa hupita nyuzi 40, na gari hugeuka tanuri, kwa hiyo tunapanda kuelekea Flagstaff, kwenye mwinuko wa mita 2,100 hivi, ambako usiku mtu hujifunika blanketi. Huko kuna volkano iliyolipuka karibu miaka elfu moja iliyopita, na mawe yake ni meusi na makali kama ya kwetu. Mara ya kwanza nilipoyakanyaga nilisimama, kwani nyumba ya kwanza niliyoijenga kwa mikono yangu huko Goma ilifunikwa na lava ya volkano ya Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002. Ilikuwa ya mawe, imara kabisa, na ilibaki palepale ikisubiri.

Sitaki kuwadanganya kwamba hakuna hasara. Kiwanja hupanda bei, gari hushuka kila mwaka. Matairi lazima yabadilishwe kwa umri hata kama hayajalika, kwa sababu jua huyapasua. Angalieni tarakimu hizi nne ubavuni, 2319, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, nami nimekwisha kuweka akiba ya mapya. Tena serikali haimtambui mtu asiye na anwani, hivyo tunalipia anwani Texas, ambako barua zetu hupokelewa na kutumwa tulipo.

Nilimweleza dada yangu haya yote. Alisikiliza, akanyamaza, halafu akaniuliza swali alilokuwa nalo tangu mwanzo: "Na mkifa, watu watakaa wapi?" Hapo nilikosa jibu la haraka. Nyote mnajua kwamba kwetu nyumba ni pale panapowekwa matanga. Hapa Quartzsite kuna kaburi la Haji Ali, mchunga ngamia aliyeletwa na jeshi la Marekani mwaka 1856, akafia hapa mwaka 1902. Jina lake walilipindua likawa Hi Jolly, na juu ya kaburi wakajenga piramidi ya mawe yenye ngamia wa shaba kileleni. Ni kaburi zuri, lakini mama watoto hapendi tulipite jioni.

Basi nilitoka nje na simu, nikafungua sanduku hili la ubavuni, ambamo kila kilo huhesabiwa. Nimetoa humo vifaa vyangu vingi ili kupunguza uzito, lakini viti hivi vya plastiki mama watoto amekataa visiguswe, ingawa sisi ni wawili tu. Dada yangu alivitazama kwa muda mrefu.

"Viko vingapi?"

"Sita."

"Ongezeni," akasema, kisha akaniuliza kama tunapata majani ya muhogo ya kupika sombe.