Mwili Haujaizoea Dawa

Habari za jioni, wapendwa.

Kuna kauli ambayo wagonjwa huniambia mara kwa mara: “Daktari, mwili umeshaizoea dawa.” Leo nimekuja kuibishia. Mwili haujazoea kitu. Seli za ugonjwa zilizoiogopa dawa zimekufa, zikabaki chache zisizoijali, nazo ndizo zilizozaana.

Wa rika langu mnaikumbuka klorokwini. Mwaka 2001 Tanzania Bara iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria, maana vimelea vilishaizidi nguvu. Mwaka huohuo, mwezi wa tano, Marekani iliidhinisha imatinib, kidonge cha lukemia sugu ya mailoidi. (Hapa “sugu” ni ya kudumu, si ya kuishinda dawa, Kiswahili kimetubana kidogo.) Katika saratani hii ya damu, kromosomu ya 9 na ya 22 hubadilishana vipande, ikazaliwa protini ya BCR-ABL, inayoziamuru seli zizaane bila kukoma. Imatinib hujipenyeza ndani ya protini hiyo na kuizima.

Shangwe haikudumu. Mwaka uleule wa 2001, kundi la mtafiti wa saratani Charles Sawyers huko Los Angeles lilichunguza wagonjwa 9 ambao ugonjwa wao ulirudi wakiwa bado kwenye dawa. Sita walikuwa na badiliko lilelile, T315I: katika nafasi ya 315 ya protini, threonini, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini, imeondoka, imeingia nyingine, isoleusini. Imatinib ilikuwa inajishikiza kwenye threonini. Isoleusini haishikiki, tena ni nene. Mnamjua yule abiria anayeziba mlango wa daladala? Ndani nafasi ipo, lakini hupiti.

Zikaja dasatinib mwaka 2006 na nilotinib mwaka 2007. Zilishinda mabadiliko mengi, ila T315I ilizigomea zote mbili. Ponatinib, ya 2012, iliundwa ikiwa nyembamba mahali pale hasa, ikapita ubavuni mwa yule abiria. Gharama yake ilionekana: mishipa ya damu iliziba kwa baadhi ya wagonjwa, na mwaka 2013 mauzo yakasimamishwa Marekani kwa muda.

Ninayoipenda mimi, nikiri, ni asciminib ya 2021, kwa sababu haigombanii mlango ule kabisa. Inashika mfuko mwingine upande wa pili wa protini. Hata hivyo mwenye T315I hupewa miligramu 400 kwa siku, mara tano ya dozi ya wengine.

Sasa, kipimo cha BCR-ABL kikipanda, msikimbilie kusema T315I. Imatinib huleta kichefuchefu, hukaza misuli, huvimbisha kope, na mtu huanza kuruka siku bila kumwambia yeyote. Mimi kwanza humwomba aje na kopo lake, tunamwaga vidonge mezani, tunahesabu pamoja. Vikitimia, ndipo natuma damu ikatafutwe badiliko.

Naona mkono kule nyuma. Karibu, mama.