Hiyo "Bastola ya Mjerumani" Mnayoniuliza Kila Siku

Wadau wa Moshi na Arusha, habari za huko, na wakubwa shikamooni. Leo sikupanga kurekodi, ila komenti zimenizidi. Tangu nionyeshe ile bastola, swali ni lile lile: "Kaka, ulijuaje imetoka wapi?" Halafu la pili linafuata nyuma: "Babu alituachia ya Mjerumani, itakuwa na thamani gani?" Nayajibu yote mawili. Na kabla hamjaanza, sijaja kutamba. Nalenga shabaha klabuni wikiendi, basi. Nikifika kwenye makaratasi mtasema nalalamika. Semeni tu.

Ni Walther, yaani ya kiwanda cha silaha cha Ujerumani, mtumba. Aliyeniuzia ni mzee mmoja wa huku Ujerumani, karibu na Ulm, na alianza na hadithi: bastola hii ni ya Vita ya Pili ya Dunia, ilikuwa ya baba yake, ilifika mpaka Urusi. Bei nayo ilikuwa imeshapandishwa na hiyo hadithi. Nikaomba taa, nikaigeuza nione ubavu wa kushoto. Kwenye kile chuma cha juu kinachorudi nyuma ukifyatua pameandikwa P1, na pembeni 6/75. Yaani Juni 1975! Vita iliisha 1945. P1 ndilo jina ambalo jeshi la Ujerumani Magharibi liliipa P38, ile bastola ya jeshi la Ujerumani ya wakati wa vita, mwaka 1963, na bodi yake, yaani sehemu ya chini yenye mpini, ni alumini, ukiishika tu unaisikia nyepesi. Za vita bodi ni chuma. Tena kuanzia 1940 viwanda viliacha kuandika majina, vikaweka herufi: ac ni Walther, byf ni Mauser, cyq ni Spreewerk. Chini ya ac au byf utakuta tarakimu mbili za mwaka, mfano 43. Cyq haina mwaka. Halafu kuna tai mdogo wa mkaguzi wa jeshi na namba chini yake: 359 kwa Walther, 135 kwa Mauser, 88 kwa Spreewerk. Hayupo tai huyo, basi hadithi ya Urusi tuiweke pembeni. Mzee alinuna, lakini bei ilishuka.

Angalieni pia namba ya silaha kwenye bodi, mtutu na chuma cha juu. Zisipofanana, mtu ameunga vipande. Mpini usikudanganye, unashikwa na skrubu moja tu, bisibisi inatosha kuubadilisha.

Sasa ya babu. Jamani, Mjerumani wa boma la Moshi hakuacha P38. Waingereza waliingia Moshi Machi 1916, na P38 ni ya 1938. Ya enzi zile ingeweza kuwa P08, ile wanayoiita Luger, ya mtutu mwembamba, mwaka umechongwa juu pale risasi inapokaa, na alama ya kiwanda: herufi DWM, au neno Erfurt chini ya taji. Dada mmoja wa Marangu kaandika (bila picha, nakushukuru sana dada) kwamba ya babu yao ina herufi RE, taji, na mwaka wenye XIX mbele yake. Hiyo ni Beretta ya 1934, RE ni jeshi la mfalme wa Italia, na XIX ni hesabu ya utawala wa Mussolini, inaangukia 1940 hadi 1941. Mwaka huo vijana wetu wa KAR, lile jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, walikuwa Habeshi wakipigana na Waitaliano. Kama babu alikuwa KAR, inaingia akilini. Ila chuma kinataja kiwanda na mwaka, aliyeibeba hakimtaji.

Makaratasi ya kibali sasa. Huku lazima uwe klabuni mwaka mzima kwanza, ufaulu mtihani, uoneshe unafanya mazoezi kila mara, na kama hujakaa nchini miaka 5 wanaweza kukunyima. Cheti changu cha kuzaliwa jina lina herufi moja tofauti na pasipoti, basi ofisi moja ikanizungusha: tafsiri, kiapo, tafsiri ya kiapo, na kila muhuri una ada yake. Ukishanunua, una wiki mbili kuiandikisha. Kabati la chuma wanalolitaka limenigharimu kuliko bastola yenyewe. Halafu kuna ndugu yangu kule Kibosho, simtaji, kaandika hadharani kwamba nanunua silaha wakati bati la mama linavuja. Bati nilituma hela mwaka jana. Waulizeni waliopokea.

Hayo ni yangu, kwa nchi niliyopo, na kwa jinsi nilivyobahatika. Mwingine wa mkoa mwingine wa huku atakuambia vingine. Huko nyumbani kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na silaha ya marehemu haigawanywi kwenye kikao cha ukoo kama shamba la kahawa. Usiisafishe, usivute traiga "kujaribu", usiipakie kwenye bodaboda kwenda kuionyesha kwa fundi. Nenda kituo cha polisi mikono mitupu, mwambie OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, ipo wapi na ilikuwa ya nani, wao waje kuichukua. Namba na alama wataandika wenyewe.

Na wewe wa Majengo uliyeomba nikutafutie mteja: sitafuti mteja, sinunui, na ukinitumia tena ile picha nakublock.